Bajaji za Tanga kupotea siku ya mvua: wasomi wanasema sababu ni hesabu ya siku. Madereva mnasemaje?

#1 Kashata Chungu
Salaam wakuu.

Anayeshuka stendi ya Kange mvua ikiwa imeshika analijua hili: abiria kibao wamejibanza chini ya paa, bajaji hakuna. Jua likiwaka wanakunyang'anya begi mkononi. Wengi tunasema madereva wavivu, basi, tunalowa tunaondoka.

Kuna utafiti mmoja umenikaa kichwani. Mwaka 1997 wachumi wanne, Camerer, Babcock, Loewenstein na Thaler, walichapisha kazi yao juu ya madereva teksi wa New York. Madereva wale hukodi gari kwa zamu ya saa 12, wanalipa kiasi kilichopangwa, kinachobaki baada ya mafuta ni chao. Ni hesabu ya tajiri hii hii tunayoijua, ile pesa ya kila siku unayompelekea mwenye chombo. Walichokikuta ni kwamba siku kazi ikichanganya dereva anafunga mapema, na siku ya ukame anazunguka mpaka macho mekundu. Mwenye duka angefanya kinyume, siku ya wateja wengi ndiyo ya kuchelewa kufunga. Walikadiria kwamba dereva angegawa muda wake ule ule sawasawa kwa siku zote, angeingiza kama 5% zaidi bila kuongeza hata saa moja.

Maelezo yao: dereva anaweka kichwani kiwango cha siku. Akiwa chini yake anajiona yuko kwenye hasara, na hasara inauma kuliko faida ya kiasi hicho hicho inavyofurahisha. Hilo la maumivu ya hasara wanasaikolojia Kahneman na Tversky waliliandika tangu 1979. Kiwango kikivukwa, uchu unakatika.

Hoja yangu: mvua inaleta abiria, hesabu na ya kula vinatimia mapema, jioni mji mtupu. Madereva mko humu, nipingeni.

#2 Bajaji ya Makorora
Mkuu, wewe umewahi kuishika bajaji kwenye mvua au unaiona ukiwa umekaa nyuma?

Hesabu haitimii mapema. Haitimii kabisa. Turubai linavuja, abiria akilowa anataka umpunguzie. Mikanjuni ukiingia huoni shimo liko wapi, maji yamejaa sawa na barabara. Maji yakifika kwenye plagi unasukuma chombo mwenyewe huku abiria ameshashuka na hajalipa. Spea inanunuliwa na nani? Tajiri atakwambia "mtagawana" halafu simu inazimwa. Mimi mvua kubwa ikianza napaki, nakunywa kahawa. Sijapata kiwango chochote kichwani.

#3 Mgosi wa Barabara ya Ishirini
Nimesoma kichwa cha uzi tu, namuunga mkono #2.

Ila hao wachumi si ndio waliopewa Nobel kwa ajili ya hizo teksi? Watu wanapewa Nobel kwa kuhesabu teksi, sisi tunazihesabu Ngamiani kila siku bure.

#4 Msomi wa Mombo
Mgosi, Nobel haikuwa ya teksi. Kahneman alipewa 2002, Tversky alikuwa ameshafariki 1996 na marehemu hapewi. Thaler, yule wa shule ya biashara ya Chicago, alipewa 2017 kwa kazi yake yote ya kuingiza saikolojia kwenye uchumi. Teksi ni sehemu ndogo tu.

Na mleta uzi kaacha nusu ya hadithi. Henry Farber wa Princeton alibishana na matokeo hayo kwa miaka mingi. Mwaka 2015 akatoa makala iliyotumia rekodi za mita za teksi za New York, safari za kuanzia 2009 hadi 2013, mamilioni kwa mamilioni. Akakuta madereva wengi wanafanya kazi zaidi pale malipo ya saa yanapopanda, kama mwenye duka. Na la mvua alilichambua lenyewe: mvua ikinyesha teksi zinapungua kweli, lakini kipato cha dereva kwa saa hakipandi, kwa sababu foleni inakula muda. Kwa hiyo hakuna hesabu inayotimia mapema. Dereva anaondoka kwa sababu kuendesha kwenye mvua ni adha.

Yaani Bajaji ya Makorora kasema alichosema Farber, tena kwa maneno machache.

#5 Bajaji ya Makorora
Nipewe na mimi hiyo Nobel basi. Hata cheti tu nitundike kwenye bajaji.

#6 Kashata Chungu
Msomi, na wewe umeacha nusu yako. Crawford na Meng mwaka 2011 walizichukua data za Farber mwenyewe wakasema dereva ana viwango viwili, cha pesa na cha saa, na kile kinachofikiwa baadaye ndicho kinachomrudisha nyumbani. Na hata wale wanne wa 1997 walisema tabia ile ilikuwa kali zaidi kwa madereva wageni, wazoefu walikuwa nayo kidogo. Hivyo wote wanaweza kuwa na haki, inategemea umempima nani.

Makorora, una muda gani kwenye kazi?

#7 Bajaji ya Makorora
Tangu zile boda za mwanzo mwanzo. Nimezeekea humo.

#8 Tajiri Mdogo
Naongea kama mwenye chombo, mnivumilie.

Nina pikipiki mbili. Moja ni ya hesabu, elfu nane kwa siku, Jumapili anafanya ya kwake. Nyingine ni ya mkataba, analeta kila wiki, muda ukiisha chombo ni chake. Wa hesabu saa kumi jioni yuko kijiweni anacheza drafti. Nikipita ananisalimia kwa heshima zote, "shikamoo tajiri", na kete mkononi. Wa mkataba hata simu hapokei, yuko barabarani mpaka usiku, oili anabadilisha kabla sijamkumbusha, siku ya mvua kavaa koti la plastiki anapiga kazi. Mji ni mmoja na mvua ni moja. Msinitafutie New York, tofauti ni nani ana chombo.

#9 Bajaji ya Makorora
Tajiri, na huo mkataba ulimpa nani? Si yule uliyemwona anajituma toka mwanzo? Ungempa mcheza drafti tungeona.

#10 Msomi wa Mombo
#9 kagusa penyewe. Edward Lazear wa shule ya biashara ya Stanford alilipima jambo hili kwenye kampuni ya kufunga vioo vya magari Marekani, Safelite, walipoacha kulipa kwa saa wakaanza kulipa kwa kioo. Makala ni ya mwaka 2000. Kazi kwa kila fundi ilipanda kama 44%. Ila karibu nusu tu ndiyo ilitokana na mafundi wale wale kuongeza bidii. Nyingine ni kwa sababu watu walibadilika: wachapakazi walivutwa na malipo yale wakaja na kubaki, wazito wakapungua. Tajiri akiona wa mkataba anajituma, hajui ameona nguvu ya mkataba au nguvu ya kuchagua mtu.

#11 Tajiri Mdogo
Mimi ninachojua pesa inaingia. Nusu ya nini na nusu ya nini mtagawana ninyi.

#12 Binti Pongwe
Jamani mnakwenda mpaka New York wakati jirani kapimwa. Dupas, Robinson na Saavedra waliwafuatilia waendesha baiskeli za abiria magharibi mwa Kenya, wakawapa madaftari waandike safari, mapato na shida ya pesa ya siku ile: ada ya mtoto, dawa, mchango wa msiba, deni la dukani. Siku yenye shida kubwa wanafanya kazi zaidi, na shida ikishatimia uwezekano wa kufunga kazi unaruka ghafla.

Hapo ndipo ninapotofautiana na #1. Kiwango si tamaa iliyokatika wala si ugonjwa wa kichwa. Mtu anaamka akijua leo inatakiwa elfu kumi na mbili ya sare ya shule, na hakuna akiba wala mkopo wa haraka. Hiyo elfu kumi na mbili ndiyo inayomtoa kitandani. Mtu mwenye mshahara anaiita tabia, mwenye daftari la Mangi anaijua kwa jina lingine.

#13 Mgosi wa Barabara ya Ishirini
Binti Pongwe umenigusa kwenye daftari. Naomba tusilitaje hadharani.

#14 Da Mkubwa wa Duga
Asante Binti. Niongeze la kina mama, maana hapa ni wanaume na vyombo vyao tu.

Nauza chakula. Siku mauzo yakiwa mazuri sibaki na pesa mpaka usiku. Nikifika nayo nyumbani ina wenyewe: shemeji ana safari, mwenye nyumba amesikia, mume ana rafiki mgonjwa. Kwa hiyo mchana ule ule nampelekea mwenye mchezo wa upatu, kisha nafunga jiko. Ukiniona nimefunga mapema utasema Da Mkubwa ametosheka. Sijatosheka. Kuendelea kupika ni kupikia watu wengine.

Kuna uchunguzi ulifanywa Kibera, Nairobi, wa Anderson na Baland, ulitoka 2002. Walisema wake wengi wanaingia kwenye upatu ili pesa isikae ndani ya nyumba ambako mume anaweza kuifikia. Tulicheka kikundini tuliposomewa. Walihitaji utafiti?

#15 Binti Pongwe
Da Mkubwa, shikamoo. Hao Dupas na Robinson walifanya na la akiba, lilitoka 2013, huko huko Kenya. Waliwafungulia watu akaunti kwenye benki ya kijijini, hazina riba na ukitoa unakatwa ada. Yaani unaweka mia unatoa chini ya mia. Wanawake wa sokoni walizitumia hivyo hivyo, wakaongeza mtaji. Waendesha baiskeli wanaume hazikuwabadilisha kitu cha kuonekana.

#16 Da Mkubwa wa Duga
Marahaba mwanangu. Wanaume hapo mjitetee.

#17 Bajaji ya Makorora
Sisi benki yetu ni tajiri. Ukimpelekea leo, kesho huioni tena. Ada yake ni mia kwa mia.

#18 Mpiga Kasia
Mnabishana juu ya mvua, hamjatufikia wavuvi wa Deep Sea.

Kwenye dagaa hakuna kiwango. Tunakwenda giza, mbalamwezi ikitoka tunavuta vyombo juu tunashona nyavu. Siku za giza zikifika hulali, na usiku dagaa wakikubali huwezi kusema nimetosheka turudi, nahodha atakutupa baharini. Mafuta yanatolewa kwanza, kisha chombo kina sehemu yake, kinachobaki ndiyo mabaharia tunagawana. Huwezi kufunga mapema peke yako kwa sababu hesabu yako si yako, ni ya watu wote mle ndani. Hao madereva wenu wanaamua peke yao. Wawekeni sita kwenye bajaji moja muone kama kuna atakayelala.

#19 Kashata Chungu
Hii nimeipenda. Mpiga Kasia, na asiyevuta nyavu ila anasubiri mgao, mnamfanyaje?

#20 Mpiga Kasia
Safari inayofuata chombo "kimejaa".

#21 Mjukuu wa Manamba
Wakuu, Tanga tunazungumza kiwango cha siku halafu hakuna aliyetaja mkonge?

Mkonge uliingia pwani hii mwaka 1893 na Hindorf, Mjerumani. Baadaye mashamba yakajaa manamba kutoka kila kona ya nchi na nje. Babu yangu alikata katani maisha yake yote. Kazi ilihesabiwa kwa mafungu: unapangiwa idadi ya siku, ukimaliza unakwenda zako, hata saa nne asubuhi. Mwenye nguvu anaanza usiku na taa ili jua lisimkute. Na juu yake kulikuwa na kipande, kadi ya siku 30, mshahara unatoka siku zote 30 zikishajazwa. Siku hukwenda, haijazwi.

Hivyo kile ambacho wasomi wanakikuta kwenye kichwa cha dereva, hapa kilipandwa shambani na mwenye shamba, kwa makusudi. Babu zetu walifundishwa kazi ni idadi, ukimaliza idadi umemaliza kazi. Sishangai mjukuu kwenye bajaji akifunga saa kumi.

#22 Msomi wa Mombo
Mjukuu, historia umeipanga vizuri, ila hoja inateleza. New York hawakulima mkonge. Na madereva wengi wa bajaji hapa wametoka Lushoto, Handeni, Muheza vijijini, si wote wana babu wa kambini. Kipande kinaweza kuwa kilitufaa kwa sababu watu walishapenda kazi ya idadi, si kwamba kilitufundisha.

#23 Mjukuu wa Manamba
Kilitufaa? Kamuulize aliyejaza siku 29.

#24 Pweza Mkavu
Nimesoma yote. Mnawaamini sana hawa watu.

Kuna makala ilitoka 2012, ya watafiti watano wa vyuo vikubwa vya Marekani na Kanada, ikisema mtu akisaini fomu juu kabla ya kujaza anakuwa mkweli kuliko akisaini chini. Ofisi za serikali na kampuni za bima zikaanza kuzungumzia fomu. Mwaka 2020 waandishi wale wale wakatangaza kwamba wamerudia na haikutokea. Mwaka 2021 watu wengine wakazichambua data za jaribio moja, maili za magari ya wateja wa bima, wakaonyesha hazikuwa za kweli. Makala ikafutwa. Makala ya uaminifu! Na 2015 kuna kundi lilirudia tafiti 100 za saikolojia, zilizotoa tena matokeo yenye uzito hazikufika hata nusu, kama 36 kati ya mia.

Pili, hao wanaopimwa ni nani? Wanafunzi wa chuo wa Marekani. Wakina Henrich walipopeleka mchezo wa kugawana pesa, mmoja anagawa na mwenzake akikataa wote wanakosa, kwenye jamii ndogo 15, zikiwemo mbili za kwetu, Wahadzabe na Wasangu, majibu yalitawanyika. Wavuvi wa nyangumi wa Lamalera kule Indonesia walimpa mwenzao zaidi ya nusu. Wahadzabe walitoa kidogo, na hata hivyo wenzao walikataa mara nyingi. Hakuna binadamu mmoja wa kuandikiwa kitabu.

#25 Kashata Chungu
Pweza, teksi hazikuwa wanafunzi, na rekodi za mita hazijafutwa. Uongo wa makala moja usiufungie mlango mzima. Waliougundua pia ni watafiti.

Lamalera lakini inamsaidia Mpiga Kasia: nyangumi huwezi kumvua peke yako, kugawana kumo kwenye kazi yenyewe.

#26 Pweza Mkavu
Sijafunga mlango, nimeuliza nani ana ufunguo.

#27 Mama Vidato
Samahani kwa kuwatoa kwenye reli, naona humu kuna wanaojua. Nina chekechea ndogo Chumbageni. Wazazi wanachelewa kuchukua watoto, wengine mpaka magharibi, dada wa zamu analia. Muhula huu nimeweka faini, elfu mbili kwa siku. Wanaochelewa wameongezeka. Nimekosea wapi?

#28 Msomi wa Mombo
Mama Vidato, hilo lina utafiti wake maarufu kabisa. Gneezy na Rustichini, mwaka 2000, walitumia vituo 10 vya watoto Haifa, Israeli. Sita waliweka faini ya shekeli 10 kwa anayechelewa zaidi ya dakika kumi. Wachelewaji waliongezeka, wakafika karibu maradufu. Kabla ya faini mzazi aliona haya kwa mwalimu. Baada ya faini anaona amenunua muda.

#29 Da Mkubwa wa Duga
Kweli kabisa. Elfu mbili ni rahisi kuliko kumlipa dada wa kazi. Na mimi ningekuletea.

#30 Mgosi wa Barabara ya Ishirini
Mama, watoto mnawalaza pia? Mimi wangu wawili.

#31 Mama Vidato
Usinichekeshe, kuna mmoja amelipa faini ya wiki nzima Jumatatu. Sasa nikiiondoa?

#32 Msomi wa Mombo
Haifa waliiondoa baada ya majuma kumi na mbili hivi. Uchelewaji ulibaki juu pale pale, haukurudi.

#33 Binti Pongwe
Shekeli 10 ilikuwa kidogo, ndiyo kasoro. Ipandishe iume.

#34 Mpiga Kasia
Msipandishe. Wataje majina kwenye kundi la wazazi. Kwetu mchelewaji wa chombo anatajwa mwaloni kwa sauti, harudii.

#35 Mama Vidato
Wengine ni wakubwa ofisini, nikiwataja nitahamishiwa watoto wote. Na wawili ni wake wa madereva bajaji, wanasema wanamsubiri baba amalize hesabu.

#36 Bajaji ya Makorora
Hao nawajua. Si hesabu, ni drafti.

Tajiri Mdogo, bado upo? Ile pikipiki ya hesabu, mcheza drafti akikuchosha, mimi nataka mkataba. Nimechoka na bajaji ya mtu.

#37 Tajiri Mdogo
Una mdhamini?

#38 Bajaji ya Makorora
Mdhamini wangu Farber wa Princeton.

#39 Tajiri Mdogo
Njoo inboksi na mwenyekiti wa mtaa.